Msikiti wa Kaole na swali la mwanafunzi

Mwaka juzi niliwapeleka wanafunzi wangu wa mwaka wa pili Kaole, kijiji kilicho kilomita 5 hivi kusini mwa mji wa Bagamoyo. Tulifika saa nne asubuhi, jua likiwa limekwisha kuwa kali, tukasimama chini ya mbuyu kusikiliza maelezo. Tuliambiwa, kama wageni wengi wanavyoambiwa katika magofu ya mwambao huu, kwamba msikiti ulio mbele yetu ulijengwa katika karne ya 13 na Washirazi waliotoka Uajemi. Binti mmoja, ambaye kwao ni hapo hapo wilayani Bagamoyo, akanyosha mkono: "Mwalimu, kama msikiti huu waliujenga Washirazi, sisi wakati huo tulikuwa wapi?"

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu jibu nililokuwa nalo nililipata shuleni miaka mingi iliyopita, na nilikuwa nimelirudia darasani bila kulichunguza. Tulikuwa hapa hapa, niliwahi kufundisha, tukilima na kuvua, mpaka wageni walipokuja na dini, mawe na maandishi. Ni jibu linalomfanya mtu kuwa mtazamaji katika nyumba yake mwenyewe. Makala haya ni jaribio la kumjibu binti yule kwa uaminifu zaidi kuliko nilivyomjibu siku ile, maana siku ile nilisema tu, "Swali zuri, tutalizungumza."

Kwanza tutazame kilichopo. Kaole ina magofu ya misikiti miwili na makaburi zaidi ya 20. Msikiti mkubwa ndio wa zamani zaidi. Neville Chittick, aliyekuwa mkuu wa Idara ya Mambo ya Kale ya Tanganyika chini ya utawala wa Waingereza, alichimba hapo mwaka 1958, akaukadiria kuwa wa karne ya 13. Msikiti wa pili, mdogo, ulifuata baadaye. Kuta zimebaki kimo cha mtu hapa, magoti pale. Paa halipo. Mihrabu imesimama upande wa kaskazini, maana aliye katika pwani yetu huelekea kaskazini akielekea Makka. Kando ya msikiti kuna kisima ambacho wenyeji husema hakijapata kukauka. Makaburi yametawanyika kuuzunguka, baadhi yakiwa na nguzo ndefu za mawe zilizosimama kama walinzi waliosahaulika na jeshi lao.

Hilo si jengo la kifalme. Ukienda Kilwa Kisiwani utaona Msikiti Mkuu na kuba zake, kazi ya mji uliokuwa na sultani, sarafu zake na mkono katika dhahabu ya Sofala. Kaole haikuwa Kilwa. Ilikuwa kijiji kikubwa cha wavuvi, wakulima na wafanyabiashara wadogo, na msikiti wake ni msikiti wa kijiji. Hiyo ndiyo sababu ninaipenda. Historia ya masultani huandikwa na waandishi wa masultani. Msikiti wa kijiji hujengwa na watu ambao hakuna aliyeandika majina yao, na kwa hiyo hulazimika kusomwa katika mawe yenyewe.

Sasa turudi kwa Washirazi. Masimulizi ya Kilwa, yaliyotufikia kwa Kireno kupitia João de Barros katika karne ya 16 na kwa Kiarabu katika nakala ya baadaye, yanasimulia juu ya mtawala wa Shiraz na wanawe waliosafiri kwa majahazi saba, kila moja likatia nanga mahali pake, na mmoja akainunua Kilwa kwa nguo. Masimulizi haya yalikaa vizuri sana katika mikono ya wakoloni. Walipoikuta pwani yenye miji ya mawe, na huku wakiwa wameshika imani kwamba Mwafrika hakujenga kitu, walihitaji mjenzi kutoka nje, na masimulizi yakawapa. Ndivyo hadithi ya ukoo ilivyogeuzwa kuwa historia ya ujenzi, na kutoka vitabu vya wakoloni ikaingia katika vitabu vya shule, na kutoka vitabu vya shule ikaingia kinywani mwangu.

Lakini tuyasome masimulizi hayo hayo kwa makini. Toleo la Kiarabu linasema kwamba wageni walipofika Kilwa walimkuta Mwislamu mmoja na jamaa zake, na walikuta msikiti. Yaani hata wale waliotaka kujivunia asili ya Uajemi hawakudai kwamba ndio waliosimamisha msikiti wa kwanza. Jambo hilo limo katika maandishi siku zote. Sisi ndio tuliolipita.

Ushahidi wa ardhini unaunga mkono hilo. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate nchini Kenya, Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe katika miaka ya 1980, akakuta chini yake msikiti mwingine, na chini ya huo mwingine tena, mpaka akafika kwenye alama za miti iliyochomekwa ardhini: msikiti mdogo wa miti wa karne ya 8, uliotosha watu wachache tu. Kwa hiyo jengo la mawe halikushuka kutoka melini likiwa kamili. Lilikua mahali pale pale, kutoka miti hadi mawe, mikononi mwa jumuiya ile ile, kwa muda wa vizazi vingi. Na vyungu vilivyopatikana katika tabaka hizo za chini ni vyungu vya wenyeji, vya jamii moja na vile vinavyopatikana bara.

Hapa kwetu, Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alionyesha katika utafiti wake wa miaka ya 1990 kwamba pwani na nyanda za nyuma yake zilikaliwa na wakulima wafua chuma karne nyingi kabla ya kujengwa kuta za mawe, na kwamba vyungu vyao vilivyochorwa pembetatu vimeenea kutoka visiwani hadi mbali barani. Chami aliiandikia Kaole pia, akapinga dhana kwamba historia yake inaanzia pale Uislamu na mawe vinapoonekana. Watu hawakuanza kuishi siku walipoanza kujenga kwa chokaa. Walikuwa na nyumba za miti na udongo, nyumba ambazo zikianguka hazimwachii mtalii kitu cha kupiga picha.

Tuna pia shahidi aliyeona kwa macho. Ibn Battuta, msafiri kutoka Tangier, alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Mombasa alikuta watu wacha Mungu, wenye misikiti iliyojengwa kwa miti kwa ustadi mkubwa, na penye milango ya misikiti akaona visima ambavyo watu walitumia kuosha miguu kabla ya kuingia. Kilwa alisema wengi wa wakazi walikuwa weusi sana, wenye chale usoni. Mtu huyu alikuwa amekwisha kuiona misikiti ya Cairo na Damascus, na hakuona ajabu kuwaita watu hawa Waislamu wenzake. Ajabu hiyo ilikuja baadaye, pamoja na watu wengine.

Sasa nizungumzie sanaa, kwa sababu hoja kuhusu nani alijenga hujibiwa vizuri zaidi na namna jengo lilivyojengwa.

Mafundi wa pwani walitumia mawe ya aina mbili. Kuta nzito zilijengwa kwa mawe ya tumbawe lililokufa, yanayochimbwa nchi kavu, magumu na yenye ncha, yakaunganishwa kwa chokaa. Lakini sehemu za kupendeza, yaani mihrabu, matao, fremu za milango, zilichongwa kwa tumbawe laini lililotolewa baharini likiwa bado bichi. Jiwe hilo likitoka majini hukatika kwa urahisi, na hapo ndipo fundi huchonga haraka kingo, mistari na mapambo yake. Likikaa juani hukauka na kuwa gumu. Kwa hiyo mchongaji alishindana na jua. Kazi hiyo inahitaji mzamiaji anayejua miamba, mwenye chombo cha kubeba, na fundi aliye tayari ufukweni. Si kazi ya msafiri aliyeshuka jana. Ni kazi ya watu wanaoijua bahari yao.

Chokaa nacho kilitokana na matumbawe yaliyochomwa juu ya rundo kubwa la magogo, njia ambayo mafundi wa pwani wameendelea kuitumia hadi siku za karibuni. Dari lilibebwa na boriti za mikoko. Hapa kuna siri ndogo inayofurahisha kila mwaka ninapowaeleza wanafunzi: upana wa vyumba vya kale vya pwani hutawaliwa na urefu wa boriti ya mkoko, kwa hiyo vyumba vingi ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa mita 2 na nusu au zaidi kidogo. Fundi aliyetaka ukumbi mpana zaidi, kama wa msikiti, alilazimika kusimamisha nguzo za kupokezana boriti. Katika misikiti mingi ya kale ya mwambao safu ya nguzo hupita katikati kabisa ya ukumbi, hata nguzo ikasimama mbele ya mihrabu na kumzuia mwenye kuitazama. Peter Garlake, aliyeyapima majengo haya na kuchapisha kitabu chake mwaka 1966, aliiona tabia hiyo. Mbunifu wa Cairo angeiita kosa. Kwetu lilikuwa jibu la mikoko.

Tazama pia kisichokuwepo. Misikiti mingi ya kale ya pwani yetu haina mnara. Mwadhini aliadhini kutoka darini, ngazini au mlangoni. Kijiji hakikuwa kikubwa kiasi cha kuhitaji zaidi ya sauti ya mtu, na pengine haikuonekana adabu kumweka mtu juu ya nyua za majirani. Ndani mapambo ni machache: mistari iliyochongwa kuzunguka tao la mihrabu, kingo zilizokatwa kwa uangalifu, ukuta mweupe. Uzuri wake ni wa kipimo na wa chokaa nyeupe mbele ya bahari.

Kisha yako makaburi ya nguzo. Haya ndiyo yanayopaswa kumnyamazisha anayesema kila kitu kilitoka nje. Kaburi lenye nguzo ndefu ya mawe upande wa kichwa ni sanaa ya mwambao huu, kuanzia Somalia hadi kusini kwetu. Yako Kaole, yako Kunduchi kaskazini mwa Dar es Salaam, yako kwa wingi Tongoni karibu na Tanga, yako Malindi na Gedi, ambako kaburi moja lina mwaka wa Hijria 802, yaani 1399. Uajemi huyakuti. Watu wa pwani waliipokea dini, wakaikumbatia, kisha wakawazika wakubwa wao kwa namna yao wenyewe.

Katika nguzo na kuta za makaburi hayo walitia mabakuli ya kaure kutoka China. Leo Kaole utaona mashimo ya duara yaliyobaki, mithili ya macho yaliyong'olewa, na bakuli la kijani la Kichina katika jumba dogo la makumbusho. Mabakuli hayo hayathibitishi kwamba Wachina walifika Kaole. Bidhaa za China zilipita mikono mingi, kutoka bandari hadi bandari, zikisukumwa na pepo za kaskazi na kusi. Zinathibitisha jambo kubwa zaidi: kwamba mwanakijiji wa Kaole alikuwa na kitu cha kuuza ambacho dunia ilikitaka, na kwamba chombo cha thamani kutoka mbali hakukificha kabatini bali alikitia kaburini kwa mzee wake, kila mpita njia akione.

Wapo watakaosema: lakini dini ilitoka Arabuni, na pengine baadhi ya mafundi pia. Ni kweli, na hakuna haja ya kukataa. Ngoja nitoe mfano kutoka mbali. Kaskazini mwa Uingereza, katika kijiji cha Escomb, lipo kanisa dogo la mawe la karne ya 7, mojawapo ya makanisa ya kale zaidi yanayosimama katika nchi ile. Mawe yake mengi yaliokotwa katika ngome ya Kirumi iliyokuwa jirani. Si mbali na hapo, mwaka 674, mtawa Benedict Biscop alipotaka kujenga kanisa la Monkwearmouth alivuka bahari kwenda Gaul, ambayo leo ni Ufaransa, kuwatafuta waashi wa kujenga kwa mtindo wa Kirumi, na baadaye akaleta mafundi wa vioo, kwa sababu Waingereza wa wakati huo hawakuijua kazi hiyo. Bede, mwanahistoria wao, ameyaandika haya bila haya yoyote. Dini ilitoka Mashariki ya Kati kupitia Roma, mawe yalikuwa ya Warumi, waashi walitoka ng'ambo. Je, umewahi kusikia mtoto wa Kiingereza akiambiwa kwamba kanisa la kijiji chake si la watu wake? Umewahi kuona kitabu cha shule kikimweleza kwamba wazee wake walikuwa pembeni wakivua samaki, Warumi wakijenga? Kanisa ni la Escomb kwa sababu watu wa Escomb walisali humo, waliozwa humo na wakazikwa kuta zake zikiwatazama. Kipimo hicho hicho kinatosha kwa Kaole. Kinachoitwa kujifunza kinapotokea Ulaya huitwa kuletewa kinapotokea kwetu.

Lakini sitaki kumjibu binti yule kwa kosa la upande wa pili. Katika hamasa ya kuukataa ukoloni wako wenzetu waliotaka kusema kwamba hakuna mgeni aliyewahi kukanyaga mwambao huu ila kuuza shanga na kuondoka. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani na mahali pamoja pa bara kati ya mwaka 1250 na 1800. Kaole haikuwamo, lakini Kilwa na Songo Mnara zilikuwamo. Matokeo yalionyesha kwamba wengi wa watu wale wa pwani walikuwa na asili mchanganyiko: sehemu kubwa, mara nyingi zaidi ya nusu, ilitoka kwa mama wa Kiafrika, na sehemu nyingine kubwa ilitoka kwa baba wa Kiasia, hasa Uajemi, kwa kuchanganyika kulikoanza mnamo mwaka 1000. Kwa hiyo masimulizi ya Shiraz hayakuwa uongo mtupu. Kulikuwa na wageni waliooa na kukaa. Waliooa kwa nani? Katika nyumba za nani? Watoto wao walizungumza lugha ya nani? Lugha iliyoshinda ni Kiswahili, lugha ya Kibantu, lugha ya mama. Hilo lenyewe linasema nani alikuwa mwenyeji na nani alikaribishwa.

Na tusijidanganye kwamba kijiji kile kilikuwa pepo. Msikiti wa mawe na kaburi la nguzo vilikuwa vya wenye uwezo. Waliochoma chokaa, waliozamia matumbawe, waliobeba maji, wengi wao walilala katika nyumba za udongo na kuzikwa bila nguzo. Neno uungwana lilikuwa na upande wake wa pili, na pwani hii inaujua vizuri. Karne chache baadaye, Bagamoyo ilipochukua nafasi ya Kaole, watu walipitishwa hapo wakiwa wamefungwa minyororo. Tukisema Kaole ni yetu, tunachukua vyote viwili: sanaa na utabaka uliozaa sanaa hiyo.

Kaole ilififia polepole. Mikoko na matope viliiziba bandari yake, na biashara ikahamia Bagamoyo. Richard Burton na John Hanning Speke walipoanza safari yao ya kutafuta maziwa makuu mwezi Juni 1857, walishukia pwani ya Kaole. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walijenga misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, na mwaka 1874 mwili wa Livingstone ulilazwa hapo kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Wajerumani waliufanya mji huo kuwa makao yao ya kwanza. Historia hizo zote ni zetu pia, na kanisa la misheni linastahili kutazamwa kwa heshima. Ila nimeona mara nyingi basi la wageni likitumia saa tatu misheni na ngomeni, kisha dakika 20 Kaole, kama kwamba karne 6 za wenyeji ni kiambatisho cha karne moja ya wageni.

Wenyeji wenyewe hawakuisahau. Miongoni mwa makaburi ya Kaole lipo moja linaloitwa la Sharifa, ambapo watu huja hadi leo kuomba dua, wakiacha ubani na nguo. Kwa mhifadhi wa vitu vya kale jambo hilo linaweza kuonekana tatizo. Kwangu ni uthibitisho kwamba mahali hapo pana wenyewe. Jengo lisiloombewa na mtu yeyote hubomoka mara mbili, kwanza mioyoni, kisha ardhini. Na kumbukumbu za mji huu ziliwahi kuandikwa kwa kalamu ya mwenyeji: Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili Berlin, aliandika habari za desturi za watu wake, zikachapishwa mwaka 1903. Aliporudi mwaka 1905 na mke Mjerumani, serikali ya kikoloni haikumruhusu akae naye nchini kwake. Aliyejua zaidi habari za pwani alizuiwa kuishi pwani. Sitaki turudie kosa hilo kwa njia ya kistaarabu zaidi.

Kwa nini ninayaandika haya katika ukurasa unaosomwa zaidi na watu wa siasa na utumishi wa umma kuliko wanaakiolojia? Kwa sababu kinachofuata kiko mezani pao.

Mwaka 2013 yalitiwa saini makubaliano ya kujenga bandari kubwa Mbegani, jirani kabisa na Kaole, kwa mtaji wa kutoka China na Oman. Mwaka 2019 mpango huo ulikataliwa hadharani na Rais Magufuli kwa masharti yake. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza nia ya kuufufua. Sipingi bandari. Kaole yenyewe ilikuwa bandari, na mabakuli ya Kichina yalifika kwa sababu ya biashara. Lakini waliokuwa Kaole wakati ule waliingia katika biashara hiyo kama wenye nyumba. Swali langu kwa wapangaji ni hili: kabla tingatinga halijaingia, nani atatembea katika kila shamba la eneo hilo na kuangalia vigae vya vyungu vilivyo chini? Kuta za msikiti zina uzio na sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inazilinda. Makazi ya udongo yaliyowazunguka wajenzi, ambayo ndiyo yangelijibu swali la mwanafunzi wangu, hayaonekani kwa macho na yanaweza kusawazishwa asubuhi moja bila mtu kujua kwamba kitu kimepotea. Ofisa ardhi anayesaini hati ana uwezo wa kufuta ushahidi kuliko mwizi yeyote wa mabakuli.

Pili, mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Hii ni nafasi ambayo kizazi changu hakikuipata. Ikiwa somo hilo litarudia kwamba Washirazi walijenga na wenyeji walitazama, tutakuwa tumetafsiri tu kitabu cha mkoloni. Ikiwa litasema kwamba hakuna mgeni aliyekuja, tutakuwa tumewadanganya watoto kwa nia njema. Liwafundishe kusoma ukuta: hili ni tumbawe la baharini, hii ni boriti iliyoamua upana wa chumba, hii ni nguzo ya kaburi usiyoikuta Uajemi. Mtoto akijua kusoma ukuta, hatahitaji kuambiwa na mtu yeyote yeye ni nani.

Tatu, wanafunzi wangu mnaosoma hapa. Tasnifu nyingi kuhusu pwani yetu zimo katika lugha ambayo mzee anayetunza kisima cha Kaole haisomi. Andikeni muhtasari wa kazi zenu kwa Kiswahili, mpeleke nakala kwa ofisi ya kijiji na kwa wanaowaongoza wageni. Maelezo ya mbuyuni hayatabadilika mpaka tutakapowapelekea mengine yaliyo bora.

Mwezi uliopita nilirudi Kaole peke yangu. Maji yalikuwa yamekupwa, mikoko ikionyesha mizizi yake, na ndani ya msikiti mtoto mmoja alikuwa akiruka kutoka ukuta hadi ukuta. Nilisimama mbele ya mihrabu nikapitisha kidole katika mchirizi uliochongwa kando ya tao. Mahali pamoja mstari umepotoka kidogo, kisha ukarudi sawa. Fundi alikuwa na haraka. Jiwe lilikuwa linakauka. Nikamfikiria binti yule, ambaye sasa amehitimu na anafundisha sekondari. Nimemwandikia barua kumweleza nilichopaswa kumwambia chini ya mbuyu: wakati msikiti huu unajengwa, wazee wako walikuwa ndani ya maji hadi kifuani, wakilipandisha jiwe.